Sakafu Yako ni Dari ya Mwenzio



Kila mwaka mwezi wa Machi ukikaribia, kabla ya masika kushuka, watu huangalia mapaa yao. Mwenye makuti huongeza makuti, na mwenye mabati hutafuta matundu na kuyaziba. Jambo hili ni jema. Lakini tumeona ya kuwa wengi wetu huinua macho juu na kusahau kuyashusha. Sakafu tunayoikanyaga mchana kutwa, tunayokalia kula, tunayowalazia watoto, na tunayoipigia magoti asubuhi na jioni, haiangaliwi na mtu hata siku inapopasuka. Basi mwezi huu tumeona vema kusema nanyi juu ya sakafu: jinsi inavyofanyizwa, maadui zake ni nini, na namna ya kuitunza. Tena tutasema juu ya deni tulilo nalo kwa watu wakaao chini yake.

Waliotutangulia katika lugha hii wametupa fundisho pasipo kuhubiri. Neno dari, katika vinywa vya watu wa Unguja, lina maana mbili. Mtu aliye chini akitazama juu, akionacho ni dari. Na mtu aliyepanda orofa huambiwa kuwa yuko darini. Kitu ni kimoja, bali watu ni wawili: mmoja hukikanyaga, na mwenziwe hulala chini yake. Kwa hiyo mtu wa orofa asemapo, "Hii ni sakafu yangu, nitafanya nipendavyo," amesahau nusu ya neno.

Nyumba ya mawe ilivyojengwa

Asiyejua kitu kilivyofanyizwa hawezi kukitunza. Kwa hiyo tuanze na mafundi wa zamani. Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta ulipofika kimo cha orofa, fundi alilaza boriti kutoka ukuta huu hata ukuta wa pili, moja karibu na nyingine, na vichwa vyake vikaingia ndani ya kuta. Boriti hizo ni miti ya mikoko, na nyingi zililetwa kwa majahazi kutoka midomo ya mto Rufiji. Mkoko ni mti mgumu, na mchwa hawaushindi upesi; lakini boriti zake si ndefu sana. Ndiyo sababu vyumba vingi vya mji wetu ni virefu lakini vyembamba, na upana wake kwa kawaida ni kama mita 3 au pungufu. Mwenye nyumba hakuchagua upana huo. Mti ndio uliomchagulia.

Juu ya boriti mafundi walipanga vipande vya mawe, na juu ya mawe wakamwaga zege ya chokaa, mchanga, kokoto na udongo mwekundu. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa tanuu: mawe ya matumbawe yalipangwa juu ya magogo, yakachomwa moto, kisha yakazimwa kwa maji. Zege ilipokwisha kumwagwa ndipo ilipoanza kazi kubwa, nayo ni kupigilia. Watu walijipanga safu, kila mmoja na kipande chake cha mti mkononi, wakaipiga kwa mwendo mmoja huku wakiimba, siku baada ya siku, hata ikashikamana na kuwa kama jiwe. Wimbo ule haukuwa mchezo tu. Uliwafanya wote wapige pamoja, asiwepo wa kupiga kwa nguvu na mwingine kwa ulegevu, maana sakafu iliyopigiliwa vibaya mahali pamoja hupasuka mahali pale.

Chokaa haina haraka kama saruji. Hupata nguvu zake polepole kwa hewa, tena hata ikiisha kukauka huacha unyevu upite na kutoka. Nyumba ya chokaa hulowa ikakauka, ikalowa ikakauka, kama nguo ya mtu atokaye jasho. Hii ni sifa yake kuu, na mtu akiiondoa amemdhuru mti aliyefunikwa ndani.

Tumeyaandika haya ili msomaji ajue ya kuwa sakafu ya orofa si kitu kimoja. Ni mti, na jiwe, na chokaa, vikibebana. Uso wa juu waweza kung'aa kama sahani, kumbe mti ulio ndani umekwisha oza.

Adui wa kwanza ni maji

Maji huingia kwa njia nyingi. Huingia kwa paa linalovuja, kwa bomba lililotoboka ndani ya ukuta, kwa choo na bafu lililotengenezwa orofani pasipo kuzibwa vema, na kwa ndoo ya mama mwenye bidii. Maji hayakai pale yalipomwagika. Hutafuta ufa, huteremka, na hufika mahali pabaya kuliko pote, yaani kichwa cha boriti kilichomo ndani ya ukuta. Hapo hapana jua wala upepo. Mti hulowa na kukaa umelowa, huanza kuoza, nao mchwa ambao zamani waliuona mgumu sasa huuona laini.

Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa kupatanisha jamaa mbili katika nyumba moja ya mji huu, ambayo hatutaitaja. Juu walikaa watu wa Kanisa letu. Chini alikaa bibi mmoja Mwislamu, mjane, pamoja na wajukuu wake wawili. Bibi alilalamika ya kuwa kila Jumamosi maji humdondokea juu ya mkeka wake wa kusalia. Mama wa juu aliona uchungu, akatuambia, "Mwalimu, sisi twaosha nyumba kwa ajili ya Siku ya Bwana. Je, usafi umekuwa dhambi?" Tukateremka kwa bibi, tukamwamkia, tukamweleza maneno hayo. Akajibu kwa upole, "Mwanangu, sina neno na usafi wao. Neno langu ni maji."

Tukamwita fundi. Alipanda ngazi chini ya dari ya yule bibi, akachukua msumari mrefu, akauchoma katika boriti karibu na ukuta. Boriti ya kwanza ilikataa, na ya pili vilevile. Ya tatu ikaupokea msumari kama muhogo uliopikwa, na ya nne pia, na ya tano. Mama wa juu aliona kwa macho yake, akanyamaza kimya. Chini ya boriti zile tatu ndipo walipolala wale watoto.

Siku ile ile watoto walihamishiwa chumba kingine, na boriti zile zikategemezwa kwa nguzo. Mwenye nyumba akanunua boriti mpya. Jamaa wa juu wakatoa ujira wa fundi. Na bibi, ambaye hakuombwa kitu, akawapikia mafundi chakula cha mchana siku zote za kazi. Tangu hapo, Jumamosi nyumba ile hufutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa. Hakuna aliyebatizwa kwa jambo lile, wala hakuna aliyesilimu. Lakini wote ni wazima, na huamkiana ngazini.

Basi namna ya kuosha sakafu ya orofa ni hii. Kwanza fagia vema, ili usigeuze vumbi kuwa tope. Kisha chovya kitambaa katika ndoo, ukikamue hata kisidondoke, ufute sehemu ndogo, ukisuuze, uendelee. Mwisho pitisha kitambaa kikavu, ufungue madirisha. Usimwage ndoo sakafuni na kuyasukuma maji kwa ufagio kama mabaharia wapigao deki jahazini. Deki ya chombo ina mahali pa kutolea maji nje. Chumba chako hakina, ila ukutani na kwa jirani.

Mtungi, ndoo na pipa la maji viwekwe juu ya sinia au juu ya kibao, ili ukiona maji yamekaa chini yake ujue kuwa chavuja. Bomba likitoa tone, lisingoje mwisho wa mwezi. Tone moja kila nukuta ni lita nyingi kwa siku, na boriti huyanywa yote.

Adui wa pili ni uzito

Wazee walipojenga walijua mzigo wa nyumba zao: watu, vitanda, masanduku na mikeka. Sisi tumeongeza mizigo wasiyoijua. Tuchukue tangi la plastiki la lita 1,000, ambalo watu hupenda kuliweka orofani kwa sababu maji ya bomba hayaji kila saa. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Basi tangi hilo likijaa lina kilo 1,000, sawa na watu wazima kumi na watano waliosimama mahali pamoja usiku na mchana, wasioondoka kamwe. Je, ungewakaribisha wageni kumi na watano wakae katika pembe moja ya chumba chako mwaka mzima? Tangi lakaa vema chini, juu ya ardhi imara.

Mzigo wa pili hauonekani, nao ni saruji juu ya sakafu ya zamani. Sakafu ikichakaa, mtu humwita fundi, naye humwaga saruji juu yake unene wa sentimeta 5. Baada ya miaka michache hupasuka, akaja mwingine akaongeza. Kisha mwenye nyumba akapata fedha, akaweka na vigae. Kila mita moja ya mraba ya saruji ya unene huo ina uzito wa kilo 100 na zaidi. Chumba cha mita 3 kwa mita 6 kina mita za mraba 18. Basi safu moja tu imeongeza kilo 1,800 juu ya boriti zilezile, tena zilizozeeka. Zaidi ya hayo, saruji ni nzito ya kupitisha unyevu, na vigae huuzuia kabisa. Maji yaliyoingia kwa ufa hayawezi kupanda tena na kukauka; hubaki ndani na mti.

Kwa hiyo kanuni ni moja: usiongeze kabla hujaondoa. Sakafu ya chokaa iliyochakaa ibanduliwe ile sehemu mbovu tu, isafishwe, iloweshwe kidogo, ijazwe chokaa na mchanga, ipigiliwe kwa mti, ifunikwe kwa gunia lenye umande ili isikauke kwa haraka. Kazi hii huchukua siku, bali ni nyepesi kwa boriti. Tena nyumba za Mji Mkongwe zina mlinzi wake, yaani Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985. Na tangu mwaka 2000 mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Atakaye kubomoa au kutengeneza pakubwa, na aende kwanza akaulize na kupata ruhusa.

Mzigo wa tatu ni mtikiso. Kinu kisitwangiwe orofani, wala kuni zisipasuliwe huko, wala gunia la mchele lisibwagwe kutoka begani. Kitu kizito kikae karibu na ukuta, si katikati ya chumba, maana katikati ndipo boriti hupinda.

Adui wa tatu ni ukali na mchanga

Chokaa na marumaru ni ndugu. Vyote viwili huliwa na vitu vikali. Maji ya ndimu, siki, ukwaju na achari vikimwagika juu yake huacha alama isiyotoka, kwa kuwa si doa, ni shimo dogo. Futa mara moja kwa kitambaa chenye maji. Dawa kali za kusafishia vyoo zisitumiwe juu ya sakafu hizo hata kidogo. Sabuni ya kawaida kidogo na maji yatosha, na mahali penye uchafu ulioshika pasuguliwe kwa kumbi la nazi.

Mchanga nao ni msasa. Mtu aingiapo na viatu huleta chembe za pwani, na kila hatua hukwaruza. Katika jambo hili jirani zetu wa visiwa hivi wametushinda kwa adabu, kwani desturi ya kuvua viatu mlangoni ni ya kale kwao. Mkristo aishiye Unguja asione haya kuifuata, wala asimwambie mgeni wake, "Ingia tu na viatu," akidhani ndiyo ustaarabu. Musa naye aliamriwa kuvua viatu, na pale palikuwa jangwani.

Jamvi na mkeka huilinda sakafu, lakini huificha pia. Kila juma vikunjwe, vikung'utwe nje, vianikwe juani. Na sakafu iliyokuwa chini yake itazamwe.

Kuipima afya ya sakafu

Walimu wenzetu, kazi hii yaweza kuwa somo jema kwa watoto wa darasa, nao wakaenda kuifanya nyumbani pamoja na wazazi wao.

Chukua gololi, iweke katikati ya chumba. Ikikimbia upesi upande mmoja, sakafu imelala. Kisha vuta uzi kutoka ukuta hata ukuta, ukaze kimo kimoja pande zote mbili, upime kutoka uzi hata sakafu katikati na pembeni. Andika hesabu na tarehe. Baada ya miezi mitatu pima tena. Hesabu ikiwa ileile, vema. Ikizidi, sakafu inashuka.

Ukiona ufa, gundisha kipande chembamba cha karatasi kuvuka ufa, uandike tarehe. Karatasi ikipasuka, ufa uko hai.

Teremka kwa jirani, kwa ruhusa yake, utazame dari yake. Tafuta madoa meusi karibu na kuta, unga wa mti ulioanguka chini, na njia za udongo za mchwa. Gonga boriti kwa fimbo: nzima hulia kwa sauti kavu, mbovu hulia kama ngoma iliyolowa. Choma kwa msumari karibu na ukuta. Msumari ukiingia, usingoje. Watoe watu chini yake, tegemeza, mwite fundi anayejua boriti na chokaa. Boriti hubadilishwa moja moja, wala hazing'olewi zote kwa pamoja.

Sakafu ya udongo

Ndugu zetu wa mashamba watasema, "Sisi hatuna dari wala boriti za orofa, sakafu yetu ni ardhi ya Mungu." Ni kweli, lakini ardhi nayo yataka kazi, na walio hatarini hapa ni watoto wenu.

Sakafu ya udongo iliyovunjika na kuwa vumbi ni nyumba ya funza. Mdudu huyu hakuwa wa nchi zetu. Alivuka bahari kutoka Amerika ya Kusini, akafika pwani ya Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazil. Akasafiri katika miguu ya wapagazi na askari, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amefika pwani yetu ya mashariki. Hupenda vumbi kavu ndani ya nyumba, hasa mahali walalapo watu pamoja na kuku na mbwa. Mtoto mwenye funza hachezi, hatembei vema, wala hafiki shule. Tena watu wasichokonoe funza kwa sindano moja kwa nyumba nzima, kwa maana maradhi ya damu huambukizwa hivyo; mgonjwa apelekwe kituo cha afya.

Kuitengeneza sakafu ya udongo ni hivi. Iinue kuliko ardhi ya nje, na uchimbe mfereji kuzunguka nyumba ili maji ya mvua yasiingie. Chagua udongo mwekundu ushikao, uuchekeche, uchanganye na mchanga, uloweshe kidogo tu, utandaze safu nyembamba na kuipiga kwa mti mzito hata isibonyee kwa kidole. Iache siku mbili kivulini, kisha piga tena na kuziba nyufa. Kila siku nyunyiza maji kidogo kabla ya kufagia, ili vumbi lisiruke. Kuku walale katika banda lao.

Mwenye uwezo wa kuweka saruji juu ya ardhi, na aweke. Msishangae kwamba tumeikataza orofani na kuisifu hapa, kwani ardhi yenyewe ndiyo iibebayo, wala haina boriti ya kuvunjika. Katika nchi ya Meksiko, jimbo la Coahuila, Serikali ilianza mwaka 2000 kuwapa maskini saruji ya sakafu badala ya udongo. Wataalamu walipowapima watoto na kutangaza habari mwaka 2009, walionyesha ya kuwa pale palipoondolewa udongo wote, minyoo ilipungua kwa asilimia 78, na kuharisha kwa asilimia 49. Hawakupewa dawa mpya. Walipewa sakafu.

Sakafu ya Mkunazini

Iko sakafu moja katika kisiwa hiki ambayo kila Mkristo apaswa kuijua. Mkunazini palikuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Siku kuu ya Noeli mwaka ule ule liliwekwa pale jiwe la msingi la Kanisa Kuu, na Askofu Edward Steere akausimamia ujenzi wake. Yeye alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu. Mbele ya madhabahu imo sakafuni duara ya marumaru nyeupe, iliyozungukwa na rangi nyekundu. Huonyesha mahali uliposimama mti walipofungwa watumwa na kuchapwa, na wekundu ule ni ukumbusho wa damu yao.

Waliojenga wangeweza kulifunika jambo lile kwa vigae vizuri, likasahauliwa. Hawakufanya hivyo. Waliliandika katika sakafu, ili kila aendaye kupokea Sakramenti atazame chini na kukumbuka. Basi anayeifuta sakafu ile Jumamosi asijidharau, wala mtu asimdharau. Analinda ukumbusho wa watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Deni letu

Tukikumbuka Noeli ile ya mwaka 1873, hatuna budi kukumbuka na Noeli nyingine. Tarehe 25 Desemba 2020, Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, lenye orofa ndefu na sakafu za marumaru, liliporomoka sehemu yake kubwa pamoja na mnara wa saa. Lilikuwa katika kutengenezwa, na watu wawili waliokuwa kazini wakafa. Ikiwa jumba la mfalme laweza kuanguka mchana mbele ya macho ya mji wote, nyumba yetu ya kupanga katika uchochoro tuiogopee zaidi.

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe hazina mwenyewe mmoja. Nyingine ni za Serikali tangu baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, nyingine ni za wakfu, nyingine zina warithi walio mbali. Na ndani yake wamo wapangaji jamaa tatu, nne, tano. Kila mmoja hungoja mwenziwe aanze. Wa chini husema, "Maji yanatoka juu." Wa juu husema, "Nyumba si yangu." Mwenye nyumba husema, "Kodi ni ndogo." Na boriti haisikii hata neno moja la hayo, yenyewe yaendelea kuoza.

Katika Torati Mungu aliwaagiza Waisraeli ya kuwa mtu ajengapo nyumba mpya aizungushie dari yake ukuta mdogo, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Angalieni ya kwamba sheria haikumwuliza mwenye nyumba kama alitaka mtu aanguke. Ilimwuliza kama alijenga ukuta. Vivyo hivyo sisi hatutaulizwa kama tulimchukia jirani wa chini. Tutaulizwa kama tulikamua kitambaa.

Basi kabla ya masika, kila jamaa ifanye mambo haya matatu. Kunjeni mikeka yote na kuitazama sakafu yote, hata chini ya vitanda. Tengenezeni kila bomba lidondokalo. Na siku moja jioni, baba na mama pamoja, teremkeni kwa jirani wa chini, mpige hodi, mwamkie kama ipasavyo, mwulize: "Dari yenu haijambo?" Akisema ina doa, mshukuruni, kwa kuwa amewapa habari ambayo ninyi wenyewe msingeweza kuiona.

Mwanamke yule wa Injili aliyepoteza shilingi yake aliwasha taa akafagia nyumba hata akaiona, kisha akawaita jirani zake wafurahi pamoja naye. Naam, sakafu ikiangaliwa vema huleta furaha kwa jirani. Bwana atujalie masika ya heri, na kila mtu alale salama chini ya dari yake.